Jinsi ya kushona dera la doti ya kanga bila kuikata kanga yenyewe

Watu wengi wakitaka nguo ya kuwakumbusha Pwani wanaanza kutafuta michoro ya minazi na majahazi waibandike kwenye gauni la kawaida, halafu wanasema hiyo ndo staili ya Mwambao. Mi naona ni kujihangaisha bure, maana Pwani ina kitambaa chake kimeshachorwa tayari, kina pindo, kina mji (ile sehemu ya katikati), kina na jina (yale maneno yaliyoandikwa), kazi yako ni kukaa nacho tu ujue kinataka kukaa vipi mwilini. Shida ni kwamba mafundi wengi ukiwapa kanga wanaikata kama kitenge, wanaweka patani popote penye nafasi wanachapa mkasi, matokeo yake pindo linatokea begani upande mmoja tu, na jina linagawanyika, "Wema hau" iko kifuani na "ozi" iko kwapani. Kitenge kinaruhusu hivyo kwa sababu mchoro wake unajirudia mwanzo mpaka mwisho. Kanga hairuhusu, kanga ni picha moja yenye fremu yake.

Kwa hiyo dera ninaloelezea hapa mkasi haugusi kanga kabisa, ukiacha ule mkato wa kutenganisha kanga mbili za doti ambao hata ukinunua kanga ya kujifunga lazima uufanye. Sehemu ya juu, yaani mabega na shingo, tunaitengeneza kwa poplini ya rangi moja, kanga zinaning'inia chini yake, moja mbele moja nyuma, na pindo zote nne za kila kanga zinaonekana. Siku ukilichoka unafumua, unapata doti yako ileile ujifunge au umpe mtu.

Kwanza doti yenyewe

Kanga moja huwa na upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110, ila viwanda vinapishana kwa hiyo chukua tepu upime ya kwako usiniamini mimi. Ukiwa dukani, iwe Darajani, Kariakoo au Mtaa wa Biashara kule Mombasa (huko mtawasikia wanaita leso, ni kitu kilekile), mwambie muuzaji aifungue yote. Najua wengine wananuna, we mwambie tu. Angalia mambo haya: pindo la kushoto na la kulia yawe na upana sawa, mji ukae katikati, na jina liende sambamba na ukingo wa chini. Kanga nyingi zinapigwa chapa zikiwa zimekwenda upande kidogo, kwa kujifunga huwezi kuliona hilo hata siku moja lakini kwenye dera linaonekana kama nguo inaanguka upande mmoja na hakuna mshono wa kurekebisha.

Pamba au sio pamba? Finyanga kona moja ndani ya ngumi uhesabu mpaka kumi uachie. Pamba inabaki na makunyanzi, poliesta inarudi kama vile haikuguswa. Ukiwa na mashaka bado chomoa uzi mmoja ukauchome nyumbani, wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta unayeyuka unakuwa kidonge kigumu. Kwa joto la Pwani poliesta ni adhabu, na pia haikai na pasi, kwa hiyo mimi siishoni.

Rangi chagua unavyopenda. Kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe ni salama kwa mtu yeyote na kina heshima yake, ndo kanga ya bibi harusi tangu zamani, ila kina mambo mengi machoni kwa hiyo juu yake weka poplini nyeusi au nyeupe iliyotulia. Kanga yenye mji mkubwa mtupu na pindo nzito ndo inatoka vizuri kuliko zote kwenye mshono huu, kwa sababu lile pindo la juu linakuja kukaa kifuani kama mkufu.

Halafu kuna jina. Jamani jina msilipite haraka. Doti moja kanga zote mbili zina jina lilelile, maana yake utakuwa umelibeba mbele na nyuma, karibu na miguu, kila anayekaa nyuma yako analisoma mpaka shughuli iishe. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" unaenda nayo popote. "Hasidi hana sababu" ukiingia nayo kwenye harusi ya upande wa mume wako kuna mtu atajua ni yeye, na hata kama hukuwa na nia hiyo maelezo hayatasaidia, Waswahili tumekuwa tukitumiana salamu kwa kanga miaka na miaka.

Kufua ndo kabla ya yote

Kanga mpya imejaa wanga, ndo maana inakaa ngumu kama karatasi. Ukiishona hivyohivyo itakuja kusinyaa baada ya kufua, na poplini nayo itasinyaa kwa kiasi chake, pale walipoungana patavutana pawe na mawimbi. Loweka usiku kucha kwenye maji baridi, fua, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Wengine wanatia chumvi ili rangi isitoke, sikatazi, ila kinachookoa nguo zako nyingine ni kuifua peke yake hizo mara za mwanzo. Poplini nayo ifue siku hiyohiyo. Anika kivulini, piga pasi ikiwa bado ina unyevu kidogo, na unapopiga pasi vuta kona zake kwa mkono zinyooke, kanga nyingi zinarudi kwenye umbo hapo.

Sasa tenganisha. Katikati ya kanga mbili kuna ukanda mwembamba usio na rangi, kata hapohapo katikati. Ukiitazama kanga yako vizuri utaona ukingo wa juu na wa chini, zile pande ndefu, ni kingo za kiwandani ambazo nyuzi hazichomoki. Pande fupi ndo zimekatwa kwa mkasi na ndo zinahitaji kupindwa. Kunja nusu sentimita, kunja tena nusu sentimita, pasi, shona. Fanya pande zote nne za kanga mbili. Ukiwa na subira pinda kwa mkono, pindo la mkono linalala laini na kwa kuwa hizi pande ndo zinakuja kuwa mabawa ya dera zitaonekana sana.

Vipimo na hesabu ya poplini

Unahitaji vipimo viwili tu vya mwili. Urefu kutoka begani pale shingo inapoanzia mpaka unapotaka nguo iishie, na mzunguko wa sehemu yako pana kuliko zote, kwa wengi ni hipsi, kwa wengine ni tumbo au kifua, pima kwa ukweli hakuna anayeangalia.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme unataka dera la urefu wa sentimita 133 na kanga yako baada ya kufua ina kimo cha 108. Kanga itaingia chini ya poplini kwa sentimita moja na nusu, kwa hiyo inayoonekana ni 106 na nusu. Toa kwenye 133, unabaki na 26 na nusu, hicho ndo kimo cha poplini inayoonekana upande mmoja. Ongeza moja na nusu ya kukunja chini, inakuwa 28. Mara mbili, kwa sababu poplini inapita begani kwenda nyuma bila mshono wowote, jumla 56. Upana wake ni sawa na upana wa kanga yako baada ya kupindwa, ongeza sentimita mbili, yaani moja kila upande ya kupinda mikono.

Ukienda dukani usiombe nusu mita eti kwa sababu 56 ni kama nusu. Poplini nyingine ina upana wa 115, nyingine 150, na hata hiyo ya 150 ikifuliwa itapungua isitoshe. Nunua mita moja na nusu na ziada ya sentimita kumi na tano hivi kwa urefu, ukate upana wa dera kwa kufuata urefu wa kitambaa. Kinachobaki kitatoa kipande cha shingo, mfuko, hata kilemba. Kuhusu rangi yake, ichukue kwenye pindo sio kwenye mji, chukua ile rangi ndogo kabisa isiyoonekana haraka, kile kimstari cha machungwa au bluu kinachozunguka, nguo yote itaamka.

Ukiwa mfupi na hesabu ikakupa poplini ya sentimita 12 au 15 tu upande mmoja, bado dera linatoka, ila shingo utaifanya ya mviringo mpana wa kupitisha kichwa, isiwe na mpasuo mrefu, maana itagonga kanga.

Shingo, hapa tuende taratibu

Dera zima ni mistari iliyonyooka, shingo ndo sehemu pekee yenye mviringo na ndo inayowatisha watu. Njia ninayoipenda ni ya kushona kwanza kukata baadaye, hivyo shingo haipanuki mikononi.

Kunja poplini mara mbili kwa kimo, yaani mbele na nyuma zilalane, piga pasi, huo mkunjo ndo bega. Kunja tena kwa upana upate katikati, weka alama, fungua yote. Sasa una msalaba wa mikunjo, mstari wa bega na mstari wa katikati. Kata kipande kingine cha poplini cha upana wa 30 na kimo cha 40, nacho kikunje katikati kwa upana ukipate kimstari, halafu chora mstari wa bega lakini usiuweke nusu, uweke sentimita 12 kutoka juu, kwa sababu mbele tunahitaji nafasi zaidi kuliko nyuma.

Juu ya hicho kipande, upande wa ndani, chora shingo kwa chaki. Kutoka kwenye makutano ya mistari pima 8 na nusu kulia na 8 na nusu kushoto juu ya mstari wa bega. Nyuma shuka 2 na nusu, mbele shuka 9. Unganisha kwa mviringo wa yai, usifanye kona. Kutoka chini ya mviringo wa mbele chora mstari wa sentimita 12 kushuka, huo ni mpasuo. Pata picha yake kichwani kwanza, ukiona 9 ni chini mno kwako fanya 7, kuongeza baadaye ni rahisi kuliko kupunguza.

Laza kipande juu ya poplini kubwa, nje kwa nje, mistari ilingane, bana kwa pini nyingi. Shona kufuata chaki kwa mishono midogo, urefu kama wa milimita 2. Ukifika kwenye mpasuo shuka pembeni mwa mstari ukiwa umeuacha kama robo sentimita, ukikaribia mwisho anza kuusogelea, na pale kwenye ncha simamisha cherehani sindano ikiwa chini, inua mguu, geuza, piga mshono mmoja wa kukatiza, inua tena geuza, panda upande wa pili. Huo mshono mmoja wa kukatiza ni mdogo lakini ndo unafanya ncha igeuke ikiwa safi, bila huo inakuwa na kikunjo kama kidonda kilichopona vibaya.

Ndo sasa ukate. Kata ndani ya mviringo ukiacha milimita 7, kata katikati ya mpasuo mpaka ncha kabisa, ubakize uzi mmoja au miwili tu kabla ya mshono. Kwenye mviringo chanja vidogovidogo kila baada ya sentimita moja, uuone mkasi unakaribia mshono bila kuugusa. Geuza ndani, sukuma kwa kucha, piga pasi. Kingo za nje za hicho kipande zikunje uzishonee chini kwa mkono.

Ukitaka kipande kitokee nje kama urembo, laza kwenye upande wa ndani wa poplini badala ya nje kisha ugeuzie nje. Mi naupenda zaidi huu, hasa kipande kikiwa cha rangi nyingine, unapata kifua kama cha kanzu. Na hapohapo ndo mahali pa tarizi. Chukua uzi wa kudarizi wa rangi ya mji, piga mistari miwili ya mnyororo kuzunguka shingo na mpasuo, umbali wa upana wa kidole. Usiijaze maua, kanga chini inaongea tayari. Fanya tarizi sasa hivi kabla ya kuunga kanga, poplini ikiwa peke yake ni nyepesi unaishika mapajani ukipiga soga.

Kuunga

Pinda kwanza pande mbili za poplini za mikono, kisha kingo zake za chini, mbele na nyuma, zipige zigizaga ili zisichomoke, ukunje sentimita moja na nusu kwa ndani na pasi. Mwenye ovaloki asiitumie upande wa kanga, ile ina kisu, itakula ukingo na siku ya kufumua utalia.

Laza kanga ya mbele mezani. Jina liko chini? Angalia tena. Wajuzi kabisa wanaigeuza kanga juu chini hapa, kwa sababu ukisimama juu yake mezani unaliona jina limekukalia vizuri wewe wakati upande wa juu uko mbali nawe, ukiivuta kuiingiza kwenye mashine mambo yanageuka. Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa juu, imeisha hiyo.

Tafuta katikati ya kanga kwa kuikunja, na kama mji una ua au embe kubwa katikati fuata hilo, macho yatalifuata hilo sio tepu. Weka mkunjo wa poplini juu ya ukingo wa kanga, uifunike sentimita moja na nusu. Bana katikati kwanza, kisha miisho miwili, kisha jaza katikati yake. Kukiwa na ziada ya nusu sentimita hivi isambaze taratibu usiirundike mwishoni. Piga bandi (mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu), toa pini, halafu shona kwa juu karibu kabisa na mkunjo, mishono mirefu ya milimita 3, sindano namba 12 au 14. Mirefu kwa sababu unataka uweze kuifumua. Rudia kanga ya nyuma, kisha linganisha mbele na nyuma uone jina la huku na la kule yako kimo kimoja.

Mbavuni

Kunja begani, ndani kwa ndani, nje ikitazama nje, kwa sababu mshono huu unapita juu ya nguo na unaonekana. Chukua ule mzunguko wako, gawa kwa nne, ongeza 6. Mwenye hipsi 104 anapata 26, jumla 32. Pima 32 kutoka mstari wa katikati kwenda kulia, weka alama za chaki kutoka juu mpaka chini, fanya hivyohivyo kushoto. Anza kushona sentimita 27 chini ya bega na uishie sentimita 35 kabla ya ukingo wa chini, hapo ndo mpasuo wa kutembelea. Mwanzo na mwisho rudisha mshono mara tatu au piga kipembe kidogo, hizo ndo sehemu zinazochanika mtu akipanda daladala.

Kitambaa kinachobaki nje ya mistari ndo mabawa. Yaache wazi kama una joto. Ukitaka sitara zaidi unga kingo za nje za mbele na nyuma kwa mkono kuanzia pale poplini inapoishia kushuka mpaka usawa wa mpasuo, mkono utatokea kwenye tundu la poplini tu. Mi ningevaa kwanza nitembee ndani ya nyumba, niinue mikono, nikae chini kwenye mkeka, ndo niamue. Likikubana ukikaa, sogeza mistari nje sentimita mbili kila upande, kitambaa kipo tele.

Ukingo wa chini usiukunje. Ni wa kiwandani, hauchomoki, na ukiukunja unaanza kula pindo na jina linaonekana limeshuka miguuni. Kama ule ukanda mweupe wa chini unakukera ugeuze ndani mara moja tu kwa mishono ya mkono.

Kufua, geuza ndani nje, maji baridi, usikamue kwa kusokota maana pale poplini na kanga zilipoungana patajikunja na pasi itakusumbua. Siku ya kufumua anza na mbavu, ndo uje kwenye maungio ya kifua, kata uzi mmoja kila baada ya mishono minne mitano kwa wembe mdogo kisha vuta uzi wa upande wa pili, unatoka wote kwa pamoja. Vitundu vya sindano vinafunga baada ya kufua mara moja na kupiga pasi ya mvuke. Poplini yako ina shingo yake na tarizi yake tayari, itafutie doti nyingine yenye kimo kilekile.